Ordinatere inayotafuta uvimbe katika ubongo

Tuseme mama mmoja wa Butembo anaumwa kichwa tangu miezi mitatu. Kinamuuma zaidi asubuhi anapoamka, anatapika, na jicho moja limeanza kuona kama kuna ukungu. Jamaa wamekwisha kumpa dawa za malaria mara nne. Shangazi anasema ni uloji tu. Siku moja anaanguka na kutetemeka mwili mzima. Hapo ndipo munganga anasema: “Inafaa apigwe picha ya kichwa.” Na jamaa wanaanza kuhesabu franka, wanauliza bei ya gari mpaka Kasindi, na toka Kasindi mpaka Kampala.

Picha hiyo si radio ya kawaida. Radio inaonyesha mfupa, lakini ubongo ni laini, hauonekani vizuri. Inaonyeshwa na skana. Skana ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa ilipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, na mgonjwa huyo alikuwa mama mwenye uvimbe katika ubongo, kama mama wetu. Mashine ile ilitengenezwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Hesabu za kazi hiyo, Allan Cormack, mtu wa Afrika ya Kusini, alikuwa amezitafuta mbele yake. Mwaka wa 1979 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel. Nyuma yake ikaja mashine ya sumaku, ile wanayoita IRM, inayoonyesha ubongo wazi zaidi.

Sasa picha iko, lakini nani ataisoma? IRM moja inatoa vipande vingi sana vya picha za kichwa kimoja, na kwetu waganga waliosomea kazi hiyo ni wa kuhesabika. Ndiyo sababu watu wa sayansi wanafundisha ordinatere isome pamoja nao.

Inafundishwa namna gani? Ninyi wa machimbo mtaelewa upesi kuliko watu wa Kinshasa. Kijana anapofika Manguredjipa hajui zahabu. Mkubwa wake anamwonyesha ndani ya karai: hii ni zahabu, hii inang’aa bure. Anakosea, anasahihishwa, anakosea tena. Miezi inapita, jicho lake linajua, hata kama yeye mwenyewe hawezi kukueleza limejua namna gani. Ordinatere ni vilevile. Wanaipa mamia ya picha ambazo waganga wamekwisha kuchora kwa mkono mpaka wa uvimbe. Kwa ordinatere picha ni punje punje, na kila punje ni namba. Inabahatisha: punje hii ni ya uvimbe, hii hapana. Inalinganisha na mchoro wa munganga, inarekebisha hesabu zake kidogo, inarudia maelfu ya mara. Tangu mwaka wa 2012 kuna shindano la kimataifa la kazi hiyo, jina lake BraTS.

Lakini kijana aliyejifunza kwenye mto mmoja, mpeleke pahali penye udongo mwingine: atatupa zahabu na kubeba mawe. Kwa miaka mingi picha za BraTS zilitoka hasa Ulaya na Marekani, kwenye mashine mpya zenye nguvu. Kwetu Afrika mashine nyingi ni za zamani, picha si safi, na mgonjwa anafika uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Ni mwaka wa 2023 tu ndipo picha za Waafrika zilipata sehemu yao katika shindano. Zilitoka Nigeria, na zile za kufundishia zilikuwa 60 tu. Kati ya wenye kusukuma kazi hiyo ni Udunna Anazodo, na vijana wa Afrika wanafundishwa humo.

Tena kuna jambo linalonitia wasiwasi. Si kila doa katika ubongo ni uvimbe wa namna hiyo. Kifua kikuu kinaweza kufika kichwani. Watoto wa tenia ya nguruwe pia. Katika picha vinaweza kufanana na uvimbe, lakini mara nyingi vinatibiwa kwa vidonge, si kwa kisu. Ordinatere iliyofundishwa pahali ambapo magonjwa hayo ni haba itayajua wapi? Munganga anayejua nchi hii na nguruwe zake bado anahitajika.

Habari iliyo karibu nasi inatoka Mbarara, ng’ambo ya mpaka katika Uganda. Mwaka wa 2022, kwenye chuo kikuu cha huko, Johnes Obungoloch na wenzake waliunga IRM ndogo. Vifaa vilikuja kwa ndege toka Uholanzi, na kwa karibu siku 11 picha ya kwanza ikatoka. Sumaku yake ni dhaifu karibu mara 30 kuliko ile ya hospitali kubwa, lakini bei yake ni ndogo na haili umeme mwingi. Picha inatoka na ukungu. Watafiti wanajaribu kutumia ordinatere za namna hii hii ili kuusafisha.

Na yule mama wetu? Akisha kupigwa picha, jamaa waombe filamu na sede zake, wala wasiache tu na karatasi ya majibu. Zisikunjwe, zisiwekwe karibu na moto wala pahali pa unyevu. Ikiwa ordinatere imesaidia kusoma, waulize: munganga gani ameisoma tena kwa macho yake? Baada ya miezi sita atataka kulinganisha picha mpya na ya zamani, aone kama doa limekua. Na mwenye kufika Kampala bila picha zake za kwanza anaweza kulipishwa nyingine.