KWA NINI RANGI YA BENDERA HUFUBAA KARATASINI

Darasa letu lilipochapisha picha ya bendera ya Rwanda kwa ajili ya sherehe, palizuka ubishi. Kwenye kioo cha kompyuta buluu iling'aa, bali karatasini ilikuwa imefubaa. Wengine waliilaumu printa, wengine wino. Wino ni ghali, na bendera isiyo na rangi zake haipendezi. Basi ningependa kuwaelezeni sababu.

Bendera hii, iliyoanza kutumika mwaka 2001, nusu yake ya juu ni buluu yenye jua, kisha njano na kijani. Kompyuta huandika kila rangi kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja toka 0 hadi 255. Lakini kioo huchanganya nuru, na printa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Namba zile zile hazitoi rangi ile ile.

Sisi wa Ruhwa tunalijua jambo hili kwa fedha. Ng'ambo ya mto ni Burundi. Huku ni faranga na huko ni faranga, lakini 1,000 za huku hazina thamani ya 1,000 za huko; lazima pawe na kiwango cha kubadilishia. Kwa rangi, kiwango hicho ni profaili: faili inayoeleza namba za chombo fulani ni rangi gani machoni pa mtu. Kanuni zake hutolewa na kamati ya kimataifa iitwayo ICC, iliyoundwa mwaka 1993. Picha nyingi hufuata sRGB, ya mwaka 1996. Printa ina profaili yake, kwa wino na karatasi yake.

Basi shikeni hili: abadilishe mmoja tu. Ukitaka programu ya picha iongoze rangi, chagua humo profaili ya printa na karatasi yako, kisha zima usahihishaji wa rangi katika draiva, yaani programu inayoendesha printa. Kama huna profaili hiyo, iachie draiva kazi yote. Wakibadilisha wote wawili, ni sawa na kubadilisha fedha zilizokwisha kubadilishwa: hesabu huharibika.

Hata hivyo, ziko rangi kali ambazo wino hauzifikii; hapo profaili hutafuta iliyo karibu. Kwa hiyo chapeni kwanza kipande kidogo, mkitazame kwa nuru ya mchana, ndipo mchape zote.