Bao la Ghaibu kwa Bando la Siku

Mchezo wa bao ukivuliwa mavazi yake yote, yaani ubishi wa wachezaji, tashtiti za watazamaji, mlio wa kete zidondokazo shimoni na kahawa ipitayo mkono kwa mkono, hubaki kitu kidogo mno, kiwezacho kuandikwa kwa herufi tatu: safu gani, shimo gani, na kuelekea upande gani. Siku nilipoitambua hakika hiyo ndipo nilipoacha kulalamika juu ya udogo wa bando langu, kwani nilifahamu kuwa mchezo wenyewe haukupata kunifilisi hata siku moja. Kilichonifilisi ni baraza lililouzunguka, na mtu mwenye megabaiti chache hana budi kuamua ni sehemu ipi ya baraza hilo aitakayo kuilipia.

Mimi naishi Biharamulo, na sahibu yangu wa bao yuko Ngara. Baina yetu ipo barabara itokayo Lusahunga kuelekea Rusumo, kilomita 92 za milima na mapori, ambayo wasafiri wa miaka ya nyuma wanaikumbuka kwa sababu mabasi yalikuwa hayaipiti ila kwa kusindikizwa na askari wenye silaha, kwa hofu ya majambazi. Siku hizi usalama umerejea, lakini nauli haijapata kuwa sadaka, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepanda basi asubuhi ili akale kete za mwenziwe na kurudi jioni. Kwa hiyo tumebaki na simu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umekwisha kufika mpakani Rusumo na Kabanga, ukakutana na mawasiliano ya Rwanda na Burundi. Hata hivyo bomba kubwa la maji laweza kupita mbele ya nyumba na ndoo ya mwenye nyumba isijae, madhali mfereji wa kuteka ni mwembamba na kila ndoo ina bei yake.

Bei yenyewe kila mtu anaijua. Mtu hujiunga kwa siku, kwa juma au kwa mwezi, akapewa dakika, SMS na MB katika furushi moja, na muda ukimalizika aghalabu kilichosalia hupotea pamoja nao. Mwezi wa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika zilizua kelele kubwa nchini, hata serikali ikaamuru zisitishwe. Na sidhani kama kuna bidhaa nyingine, ukiacha unga na mafuta ya taa, iliyopata kuwaunganisha Watanzania katika malalamiko kwa upesi namna ile. Wakazi wa mpakani wana mtihani wa ziada, kwani mawimbi ya redio hayajui mpaka, na simu iliyolala Ngara huweza kuamka imenasa mnara wa nchi jirani. Maji ya mto Kagera pale Rusumo huzalisha megawati 80 za umeme zinazogawanywa sawasawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini bando lililonunuliwa Ngara halivuki daraja kwa udugu huo; afadhali aishiye kando ya mto afunge kabisa matumizi ya data ya nje ya nchi katika simu yake.

Kucheza na mtu wa ghaibu si uzushi wa zama zetu. Mwaka 1824 chama cha sataranji cha Edinburgh na kile cha London vilianza kushindana kwa barua zilizobebwa na magari ya farasi, hatua moja baada ya nyingine, na shindano halikwisha mpaka mwaka 1828, Edinburgh wakaibuka washindi. Waliocheza walikuwa wamekwisha kulitambua jambo tunalolisahau sisi wenye vioo vya kung'aa mikononi: kama kila upande una ubao wake, kinachohitaji kusafiri ni habari ya hatua, na habari hiyo ni nyepesi kuliko karatasi iliyoandikiwa.

Hebu tupige hesabu. Mazungumzo ya vidio ya wastani, yanayotumia biti laki tano kwa sekunde, hula megabaiti 225 kwa saa katika kupokea, na kiasi kama hicho katika kutuma. Bando la MB 500 huzikwa muda mfupi baada ya saa moja. Sauti peke yake, kwa biti 24,000 kwa sekunde, haizidi megabaiti 22 kwa saa kwa pande zote mbili. Tukija kwenye maandishi, mchezo wa zamu 100 ulioandikwa kwa herufi tatu kila zamu ni herufi 300 tu, na hata tukikadiria kwamba kila ujumbe huvishwa na programu vifuniko na mihuri yenye uzito wa kilobaiti mbili, mchezo mzima hautafika robo ya megabaiti. Tofauti baina ya uso wa rafiki na hatua yake ni zaidi ya mara elfu. Tena, kwa kuwa bando zetu huja na SMS ambazo wengi huziacha zife bila kutumika, yawezekana kucheza bao tangu mwanzo hadi mwisho bila kuwasha data hata dakika moja.

Namna tunavyofanya mimi na sahibu yangu ni hii. Kila mmoja ana bao lake na kete 64, na hucheza zamu zake na za mwenziwe. Kila mchezaji huhesabu mashimo yake kuanzia mkono wake wa kushoto, moja hadi nane, naye huandika M kwa safu ya mbele au N kwa safu ya nyuma, kisha nambari ya shimo, kisha K kwa kulia au S kwa kushoto; basi M5K ni shimo la tano la mbele, kete zielekee kulia. Katika bao la Kiswahili kila mtu huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na muda wote wa kunamua, yaani wa kuziingiza kete za mkononi ubaoni, kete hutiwa safu ya mbele, hata herufi ya kwanza yaweza kuachwa. Ila sisi huiandika, kwa kuwa uzee hupenda uhakika. Kabla ya kuanza ni wajibu kupatana juu ya sheria, hasa huko Ngara ambako mpinzani aweza kuwa amelelewa katika igisoro ya Rwanda, yenye mashimo 32 na kete 64 kama bao letu lakini yenye kanuni zake yenyewe.

Ugumu wa njia hii uko mahali nisipopatazamia. Katika sataranji hatua moja kwa kawaida husogeza kipande kimoja, nayo imekwisha; katika bao hatua moja yaweza kuzunguka, kula, kurudi kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, kuzunguka tena na kula tena, na kosa la kete moja iliyoangukia shimo la jirani hulifanya bao la Ngara na bao la Biharamulo kuwa ni michezo miwili tofauti ambayo wachezaji wake wanadhani ni mmoja. Mwaka 1995 mtaalamu wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alitoa katika Chuo Kikuu cha Leiden utafiti juu ya umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar, nami sishangai kwamba mtu aweza kupata shahada ya udaktari kwa kuchunguza vichwa viwezavyo kuona mizunguko hiyo yote kabla mkono haujagusa kete. Vichwa vyetu si vya namna hiyo. Kwa hiyo kila baada ya zamu tano tunapelekeana idadi ya kete za kila safu pamoja na zilizosalia mkononi, na hesabu zetu zisipolingana au jumla isipokuwa 64 mchezo husimama hadi kosa lipatikane. Mambo yakichafuka kabisa, picha moja ya bao, iliyopunguzwa ukubwa na programu ya ujumbe, humaliza shauri kwa gharama ndogo kuliko dakika moja ya vidio.

Si kila mchezo unaokubali umaskini huu. Bao, drafti na sataranji ni michezo ya uwazi: kila kitu ki ubaoni, hakuna cha kuficha wala cha kubahatisha. Ludo ina dadu, na dadu iliyotupwa Ngara haionekani Biharamulo, hivyo panahitajika mtu wa tatu mwenye kuaminika au mashine ya kuitupa. Karata nazo zina siri za mkononi, na siri si rahisi kugawiwa kwa SMS bila kumwamini mgawaji. Hapo ndipo programu hupata kazi yake ya haki, na hapo pia ndipo bando huvuja, kwani programu nyingi za ludo zitolewazo bure hujilipa kwa matangazo ya vidio, na tangazo moja huweza kula zaidi ya mchezo wenyewe. Niliwahi kupoteza bando zima la siku kwa namna hiyo, nikidhani nacheza ludo, kumbe nilikuwa natazama sabuni.

Kwa wapenzi wa sataranji, ambayo vijana huiita chesi, mambo ni mepesi zaidi. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, haina matangazo asilani na huendeshwa kwa michango; wachezaji waweza kupatana muda wa siku moja hata siku 14 kwa kila hatua, na programu yake ya simu humruhusu mtu kucheza na mashine bila mtandao wowote. Hatua za siku nyingi zina fadhila nyingine kwa watu wa huku kwetu: mtandao ukikata kwa mvua ya jioni, saa ya mchezo haimhukumu mtu, ilhali katika mchezo wa dakika tano kukatika kwa mtandao ni kushindwa.

Iko pia michezo ya masimulizi, ambayo mfano wake mashuhuri, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja husimulia, wengine hueleza wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua yaliyo mashaka. Aliyelelewa kwa hadithi za usiku jikoni hatauona mchezo huo kuwa mgeni, ila kwamba safari hii sungura anaweza kujibu. Meza zake za mtandaoni, kama Roll20 iliyoanza mwaka 2012, hupakia ramani na picha nzito. Lakini mzigo huo mkubwa huja mara ya kwanza, kisha hutunzwa katika akiba ya simu au kompyuta, na asiyeifuta akiba hiyo hatozwi tena kwa kila kikao. Kundi lenye bando dogo laweza kuiacha meza hiyo kabisa, likasimulia kwa maandishi na kwa ujumbe wa sauti mfupi, na ramani ikachorwa kwa kalamu daftarini.

Yaliyobaki ni ya matengenezo: zuia picha na vidio zisijipakue zenyewe, washa kiokoa data, ziache programu zijisasishe penye Wi-Fi tu. Bando la usiku ni rahisi, lakini kwa umri wangu usiku una bei nyingine.

Nikiandika haya, mchezo wetu umefika zamu ya 60, tumekwisha kutoka katika kunamua na kuingia mtaji, ambapo hakuna tena kete za mkononi, na asubuhi nimepokea N3S. Nimezungusha kete kwa uangalifu wote, nimehesabu mara mbili, nimepata 63. Kete zangu ni komwe nilizoletewa kutoka pwani, na watoto wa jirani walikuwa hapa barazani jana jioni. Nimemwandikia sahibu yangu asubiri, nami natafuta chini ya mkeka.