Je, Mwandishi Anatushawishi? Elimu na Umaskini katika "Mapenzi ya Kifaurongo"

Swali likikutaka utathmini, usisimulie hadithi, mtahini anaijua. Anachotaka ni uamuzi wako: je, Kenna Wasike anatushawishi kwamba shahada pekee haimtoi mtoto wa maskini katika ufukara?

Anza na penye nguvu. Mwandishi hahubiri. Anayaweka maisha mawili bega kwa bega: Dennis, ambaye wazazi wake ni vibarua, anajipikia uji chumbani kwa kukosa kingine, Penina hutumiwa na wazazi wake shilingi 5,000 kila wiki. Chuo ni kimoja, lakini hawakuanzia mahali pamoja. Pengo hilo tunaliona kwa macho, hatuambiwi tu, na ndiyo maana hoja inatuingia.

Kisha pima udhaifu, sehemu ambayo watahiniwa wengi huiruka (na alama huachwa hapo). Dennis anahitimu, anakosa kazi, anaachwa na Penina. Kilichomwangusha ni uhaba wa kazi au ni kutojiamini kwake? Ukisema ni kutojiamini, lawama inamrudia mtu mmoja, na hoja kuhusu jamii inalegea. Waweza kumtetea mwandishi kwamba kutojiamini huko kumezaliwa na umaskini wenyewe. Ni utetezi mzuri, mradi uuthibitishe kwa jinsi Dennis anavyojilinganisha na wana wa matajiri tangu akiwa chuoni, kabla hajatafuta kazi yoyote.