Msako wa Makasha: Elimu ya Mahali na Adabu Zake

Mtu akikuambia kwamba kitu fulani kiko karibu na mbuyu, hana budi kukueleza kwanza ni mbuyu upi. Lakini akikupa latitudo na longitudo ya kitu hicho, hahitaji kuutaja mbuyu wala kuujua mji wako. Tarakimu chache zatosha kukufikisha, hata kama wewe na yeye hamjaonana kamwe. Juu ya ukweli huu mdogo umejengwa mchezo unaochezwa leo katika nchi nyingi, ambao wachezaji wake hutafuta makasha yaliyofichwa kwa kuongozwa na setilaiti. Wenyewe huuita jiokeshingi. Jina hilo limeungwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya dunia na neno lenye asili ya Kifaransa lenye maana ya akiba iliyofichwa. Kwa bahati njema lugha yetu inalo neno kasha, ambalo kwa sauti na kwa maana halitengani sana na hilo la kigeni. Kwa hiyo katika makala haya tutauita msako wa makasha.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza elimu iliyomo ndani ya mchezo huu, kwani mwalimu wa jiografia, wa fizikia na wa hisabati anaweza kuutumia kufundishia. Pili, kueleza adabu zake na sababu za adabu hizo. Sehemu hii ya pili si ya kupuuzwa, maana mchezo usio na adabu umewahi kufunga barabara za mji na kuwaita askari wa kutegua mabomu.

Asili ya mchezo

Kuficha chombo porini ili wapitao wakitafute si jambo jipya. Mwaka 1854, huko Dartmoor, kusini magharibi ya Uingereza, kiongozi wa wasafiri aliyeitwa James Perrott aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, penye kinamasi na pagumu kufikika, ili wageni waliofaulu kufika waache humo kadi zao. Desturi hiyo ikaenea katika nyika ile, na inaendelea hata leo.

Msako wa makasha kwa njia ya setilaiti ulianza mwaka 2000. Kabla ya hapo, serikali ya Marekani, yenye kumiliki mfumo wa GPS, ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata kosa la kipimo likaweza kufika mita 100. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uvurugaji huo ungekoma usiku ule, na usahihi wa vyombo vya raia ukawa bora mara kumi hivi. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliweka ndoo katika msitu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake. Ndani yake mlikuwa na vitabu, manati, fedha kidogo, mkebe wa maharage na vitu vingine. Mtu wa kwanza kuipata alikuwa Mike Teague. Mwezi huo huo Matt Stum akapendekeza jina la mchezo, na mwezi Septemba Jeremy Irish akaufungulia tovuti. Hivi leo makasha yaliyoandikishwa duniani yamezidi milioni 3.

Setilaiti hutuambiaje mahali tulipo?

Setilaiti za GPS, ambazo kwa kawaida si pungufu ya 24, huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja humaliza mzunguko kwa muda wa saa 12 kasoro kidogo. Ndani ya kila setilaiti mna saa za atomu. Setilaiti hutangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Chombo ulichokishika mkononi hupokea tangazo hilo baada ya sehemu 7 hivi za mia za sekunde, kikapima muda wa safari, kisha kikauzidisha kwa mwendo wa mawimbi ya redio, ambao ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Jawabu ni umbali wa kutoka kwako hadi kwenye setilaiti.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini zihitajiwe setilaiti nne, ilhali mahali huelezwa kwa vipimo vitatu tu, yaani latitudo, longitudo na kimo? Sababu ni kwamba saa iliyomo katika simu au chombo chako si saa ya atomu. Kosa lake ni kitu cha nne kisichojulikana, na vitu vinne visivyojulikana vyahitaji milinganyo minne. Kosa hilo halivumiliki: saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300.

Hapa ndipo pia nadharia ya Einstein inapopata kazi ya kila siku. Kwa kuwa setilaiti ziko mbali na uvutano wa dunia na pia zinakwenda kwa kasi kubwa, saa zake hutangulia saa za ardhini kwa jumla ya sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku. Kama mafundi wasingelirekebisha jambo hilo, kosa lingezidi kwa kilomita 11 hivi kila siku, na hapana kasha ambalo lingepatikana.

Kusoma tarakimu

Wachezaji wa mchezo huu huandika mahali kwa nyuzi na dakika zenye desimali, mathalani: Kusini nyuzi 6, dakika 48.500, Mashariki nyuzi 39, dakika 17.000. Dakika hizi si za saa. Ni sehemu ya sitini ya uzi mmoja. Uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo dakika moja ni kilomita 1.85, na tarakimu ya tatu baada ya nukta ni mita 1.85, yaani hatua mbili fupi. Longitudo, kwa upande wake, hupungua upana kadiri tunavyokwenda mbali na ikweta: kwetu sehemu hiyo ya elfu ya dakika ni karibu sawa na ile ya latitudo, lakini huko Oregon, kwenye nyuzi 45, ni mita 1.3 tu.

Makosa matatu yafaa yaepukwe. La kwanza ni kuchanganya desimali na sekunde. Dakika 48.500 si dakika 48 na sekunde 50. Tofauti yake inazidi mita 600. La pili ni kusahau upande wa ikweta. Tarakimu tulizozitaja hapo juu ni za Dar es Salaam. Mtu akiandika Kaskazini mahali pa Kusini, chombo kitamwelekeza kwenye milima ya kusini mwa Ethiopia, umbali wa kilomita 1,500. Vyombo vingine huonyesha kusini kwa alama ya kutoa peke yake, nayo ni rahisi kuachwa wakati wa kunakili.

Kosa la tatu ni gumu zaidi kulitambua, nalo latuhusu sisi hasa. Ramani za zamani za skeli ya 1:50,000 za Kenya na Tanzania, ambazo bado zimo katika maktaba za shule nyingi, zimechorwa kwa kufuata msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. GPS hufuata msingi mwingine, WGS 84. Misingi hii miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia wala juu ya mahali kilipo kitovu chake. Basi mwanafunzi akizichukua tarakimu za GPS na kuzitia moja kwa moja katika ramani hizo, alama yake itapotoka kwa mita 300 hivi. Chombo si kibovu na ramani si mbovu, ila kila kimoja kinahesabu kutoka mwanzo wake. Vyombo vingi huruhusu kuchagua msingi wa upimaji. Kabla ya kutoka, hakikisheni mmechagua ule unaolingana na ramani yenu.

Adabu za mwenye kuficha

Kutangaza tarakimu za mahali ni kuwaalika watu wasio na idadi waende pale. Huu ndio mzizi wa adabu zote. Mtu mmoja akipita katika majani, majani huinuka tena. Wakipita mia, hubaki njia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni ruhusa. Ardhi haikosi mwenyewe, awe mtu, kijiji, mtaa, shirika au hifadhi. Mwenye kuficha amwone mwenye ardhi, au mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, amweleze mchezo na amwonyeshe kasha. Hifadhi za taifa na misitu zina sheria zake, na ruhusa ya mdomo ya mlinzi mmoja haitoshi. Makaburi, mizimu na misitu ya kimila, kama vile kaya za Wamijikenda katika pwani ya Kenya, si mahali pa michezo, hata kama hapana uzio wala kibao.

Jambo la pili: kasha lisifukiwe ardhini. Kanuni ya mchezo inakataza kuchimba, na sababu yake ni nzuri. Kwa kuwa kipimo chenyewe kina kosa la mita kadhaa, mtafutaji mwenye jembe atachimba mashimo kumi kabla ya kupata moja lililo sahihi. Kasha na liwekwe ndani ya mwanya wa mawe au chini ya gogo, wala mti usipigiliwe misumari.

Jambo la tatu ni kasha lenyewe. Liwe la plastiki angavu, lenye kifuniko kisichopitisha maji, na liandikwe kwa nje maelezo mafupi ya kitu kilichomo. Ndani mtiwe daftari na kalamu ya risasi, kwani wino huchujuka kwa unyevu. Chakula hakifai: mkebe wa maharage wa Ulmer haujawa mfano wa kuigwa, maana harufu huwaita wanyama, nao hulitafuna kasha zima. Pombe, dawa, visu na baruti ni marufuku. Na mahali petu yafaa kukumbuka mchwa, ambao hawahitaji tarakimu ili kulifikia daftari.

Jambo la nne ni umbali. Kanuni inataka mita 161 kati ya kasha na kasha, ili watafutaji wasichanganyikiwe na mahali pasielemewe. Tena kasha lisiwekwe karibu na reli, daraja, kambi ya jeshi, kiwanja cha ndege au ofisi ya serikali. Mwezi Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, kikasha kilichofichwa nje ya mkahawa kiliwatia watu hofu baada ya mtu kuonekana akihangaika nacho. Watu waliondolewa, na askari wakakilipua. Haikuwa bomu. Katika miji yetu, ambayo haijausahau ule mchana wa tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam zilipopigwa mabomu na watu zaidi ya 200 wakafa, haifai kumlaumu mpita njia anayetishwa na kasha lisilo na mwenyewe. Wa kulaumiwa ni aliyelificha bila kutoa habari.

Mwisho, mwenye kuficha ana wajibu wa kulitembelea kasha lake, na kuliondoa akichoka nalo. Kasha lisilotunzwa ni takataka yenye anwani.

Adabu za mwenye kutafuta

Mtafutaji afuate njia zilizopo. Mshale wa chombo huelekeza kwa mstari ulionyooka, lakini haujui shamba la mtu, korongo wala mto uliofurika. Akifika mita 5 hivi kutoka shabaha, aweke chombo mfukoni na atumie macho, kwa sababu kipimo cha simu chini ya anga wazi hakizidi usahihi huo, na chini ya miti mikubwa au kando ya majengo marefu hupungua zaidi. Asitie mkono katika tundu asiloliona ndani. Nyoka na nyuki nao hupenda mianya. Atumie fimbo kwanza.

Akilipata kasha, ataandika jina na tarehe katika daftari. Akichukua kitu, aache kingine chenye thamani sawa au zaidi. Kisha alirudishe vile vile lilivyokuwa, wala asiwatangazie wengine siri yake. Akiulizwa na askari au mjumbe anafanya nini, aseme kweli bila kuficha. Tangu 2002 wachezaji wana pia desturi ya kuondoka na takataka wanazozikuta njiani, nayo inafaa kuigwa hata na wasiocheza.

Zoezi kwa shule

Shule yenye simu mbili au tatu tu inaweza kuanza. Chagueni alama moja katika uwanja, kama vile mlingoti wa bendera. Kila siku kwa siku kumi, asubuhi na jioni, vikundi viandike latitudo na longitudo ya alama hiyo. Mtapata vipimo 20 visivyofanana. Tafuteni wastani, geuzeni tofauti kuwa mita, kisha chorani vipimo hivyo katika karatasi ya miraba. Wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba kila kipimo huja na kosa lake, na kwamba kosa lenyewe hupimika.

Baada ya hapo, kwa idhini ya mkuu wa shule, fichani makasha sita ndani ya eneo la shule, yatafutwe na yaondolewe yote siku hiyo hiyo. Mwalimu ayahesabu kabla na baada.

Kisha darasa lijadili swali moja: ni mahali gani ambapo, hata tukiwa na tarakimu zake sahihi, hatupaswi kuzitangaza? Kiota cha ndege adimu, chemchemi ya kijiji, mzinga wa jirani, njia wanayopita faru. Chombo kitatoa tarakimu za mahali hapo pote kwa usahihi ule ule, bila kuuliza zinakwenda kwa nani. Swali hilo ni lazima aulize yule aliyekishika.