Njia za Theluji

Katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada, wakati wa baridi theluji hufunika misitu na mashamba kwa miezi mingi, na maziwa huganda. Wenyeji husafiri kwa gari dogo lisilo na magurudumu: mbele lina mbao mbili za kuteleza, nyuma mkanda mpana wa mpira uzungushwao na injini. Fundi Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934, maana theluji ilikuwa imefunga njia ya hospitali. Magari haya madogo alianza kuyauza mwaka 1959.

Siku hizi watu sita au saba hufuatana safari ya siku nyingi, yapata kilometa 200 kwa siku. Yamkini hudhani njia imejitengeneza yenyewe! Mchana magari huichimbua ikawa matuta. Basi usiku, baridi izidipo, trakta hukokota chombo kizito cha kusawazisha. Theluji iliyoshindiliwa hushikamana, na asubuhi ni ngumu. Wachache katika kazi hii hulipwa, walio wengi hujitolea bure. Kabla ya theluji huondoa miti iliyoanguka, hutengeneza madaraja, na kuwaomba wenye mashamba ruhusa ya kupita. Dereva mmoja akiacha njia na kuharibu shamba, mwenyewe aweza kuifunga, na safari ya wote ikakatika.

Ziwani ndiko kwenye hatari. Watu hutangulia kutoboa barafu kwa kekee na kupima unene wake, kisha husimamisha matawi kuonyesha njia. Tufani ya theluji ikivuma, msafiri haoni ukingo. Huona tawi moja, kisha la pili, hata afike ng'ambo.