Helikopta ya Jamaa

Ndugu zangu, wahariri wa kitabu chetu wameniomba nieleze habari ya helikopta, maana kila arusi naulizwa kwa nini niliikataa. Basi nieleze mara moja, yaishe.

Mpwa wangu alipopata leseni ya urubani alikuja kwangu Scarborough. "Shikamoo, Mjomba. Wewe ulikuwa fundi wa ndege. Nichagulie helikopta." Shabaha yake ilikuwa njema: mama yangu, yaani bibi yake, anaishi Ottawa. Kwa gari ni kilomita 450 hivi; kwa anga ni kama 350, chini ya saa mbili. Ila nusu ya fedha alitaka kuzikopa katika mfuko wa jamaa, ule ambao wazee walituanzishia kwa ajili ya misiba na karo.

Tulikaa mezani tukahesabu. Robinson R22 ina viti viwili tu; ni chombo cha kujifunzia, si cha jamaa. Bell 505, inayoundwa Mirabel huko Quebec, ina viti vitano na injini ya turbaini, lakini bei yake ilikuwa mbali na uwezo wetu. Ikabaki Robinson R44: viti vinne, injini ya pistoni, mwendo wa kilomita 200 hivi kwa saa.

Viti vinne lakini si ruhusa ya kupakia watu wanne wowote. R44 Raven II hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 1,134. Yenyewe tupu ni karibu kilo 680, na mafuta ya tangi zote karibu 125. Zinabaki kama 325. Nikaandika uzito wetu: yeye 85, mama yake 90, baba yake 105, bibi 60. Jumla 340, na mikoba bado! Hapana budi kupunguza mafuta, na ukikutana na upepo wa mbele, akiba nayo inapungua.

Akanionyesha tangazo: R44 ya mkono wa pili, imeruka saa 600 tu, bei nafuu. Nikamwuliza umri wake. Miaka kumi na moja. Hapo nikaweka kalamu chini. R44 hufumuliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa ikifika saa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kazi hiyo inazidi dola laki mbili za Marekani. Unafuu wa bei ulikuwa deni la mwaka unaofuata.

Hata hivyo jambo lililonitisha zaidi si fedha. R44 haina idhini ya kuruka penye barafu, na majira ya baridi ya huku mnayajua. Bibi akiugua Januari, kumekuwa na wingu zito na theluji, kijana ana funguo mfukoni na mama yake analia. Je, atakuwa na moyo wa kusema "leo siruki"? Rubani aliyenunua chombo kwa ajili ya mgonjwa huona haya kukiacha bandani.

Nilikataa mbele ya kikao. Mpwa wangu alininunia miezi mitatu. Machi ile shangazi yetu alifariki. Mfuko ulifunguliwa, na fedha zilikuwapo. Usiku baada ya mazishi alinipigia simu. Hakutaja helikopta. Alisema tu, "Mjomba, umekula?"

Julai alikodi R44 kwa saa moja katika chuo cha urubani, siku ya anga safi, akampakia bibi na mimi. Mama alitazama mashamba chini, kisha akauliza kama Tanga tutafika kabla ya magharibi.

Anayetaka kununua leo, ushauri wangu ni huu: pima uzito wa watu wako, uliza umri wa chombo na saa zake, kisha ukodi mwaka mzima kwanza. Na mfuko wa misiba usiguswe.

Wasalaam.