Besi bila vyuma: ninunue au niache?

Jioni moja mtoto wa dada yangu alifika nyumbani kwetu, komini ya Mangobo hapa Kisangani, akiwa na boksi ndefu nyeusi begani. Alikuwa ametoka kwenye machimbo ya almasi upande wa Bafwasende, hata wiki mbili hazijapita. Hakuomba maji ya kunywa. Alifungua ile boksi mbele yangu akasema:

— Mujomba, angalia. Ni besi. Lakini haiko na vyuma!

Mimi ninapiga gitari ya besi katika korali ya parokia tangu miaka mingi. Nilipitisha kidole shingoni mwa gitari ile. Ubao ulikuwa laini kama meza. Vile vyuma vyembamba vinavyokingama shingo, ambavyo kidole kinavizoea tangu siku ya kwanza, havikuwepo.

— Ni ya nani?

— Ya mwanamuziki mumoja, anarudia Kinshasa. Anaomba dola 230. Mi niko na 150. Anasema nimupe zile 150, halafu 80 atangojea miezi mbili.

— Na hizo 80 zitatoka wapi, mwanangu?

Alinyamaza. Sisi wote wawili tulijua zitatoka wapi. Zitatoka shimoni.

Ninajua kwamba katika jamaa nyingi zinazosoma gazeti hili kuna kijana wa namna hii: mkono umepata pesa, moyo umepata kitu cha kupenda, na wazazi hawajui waseme nini. Kwa hiyo ninawaeleza yale tuliyoyapima, kwanza juu ya besi yenyewe, kisha juu ya pesa.

VYUMA VINAFANYA KAZI GANI?

Uzi wa besi ya kawaida una urefu wa sentimita 86 hivi. Ukibonyeza uzi, chuma kilicho mbele ya kidole ndicho kinachoukata na kutoa noti. Kidole kikikaa nyuma kidogo au mbele kidogo, si neno, chuma kinasahihisha. Katika besi bila vyuma hakuna wa kukusahihisha. Mahali nyama ya kidole inapogusa, njo mahali noti inapozaliwa.

Tulichukua rula tukapima. Karibu na kichwa cha gitari, toka nusu-toni moja mpaka nyingine kuna milimita 48. Lakini ukifika katikati ya uzi, pale noti inaporudi juu kwa oktava, nafasi inakuwa milimita 24 tu. Basi ukikosea kwa milimita 5 kule chini, umepotoka sehemu moja ya kumi ya nusu-toni, wengi hawatasikia. Ukikosea milimita 5 zilezile kule juu, umepotoka sehemu moja ya tano, na hata mama anayeuza chikwangi nje ya kanisa atageuza kichwa.

Faida yake ni nini? Sauti. Kwa kuwa uzi unalala juu ya ubao, noti inatoka polepole, inavuta, karibu kama mtu anayeimba bila kufungua mdomo. Kidole kinaweza kuteleza toka noti moja mpaka nyingine bila ngazi katikati. Kijana wangu alisema: «Mujomba, inalia sawa mutu.» Hakudanganya.

SI KITU CHA LEO

Wengine watafikiri ni mtindo mpya. Hapana. Kontrabasi, ile kubwa inayopigwa mtu akisimama, haijapata kuwa na vyuma, na okestra za Léopoldville katika miaka ya 1950 ziliitumia. Mwaka 1951, Leo Fender wa Marekani alitoa gitari ya besi ya umeme yenye vyuma, akaiita Precision, yaani sawasawa kabisa, maana vyuma vilimsaidia mpigaji kupata noti sawa. Miaka michache baadaye watu walianza kutamani tena ile sauti ya zamani. Kampuni ya Ampeg ilitoa besi ya umeme bila vyuma mwaka 1966, na Fender mwaka 1970.

Aliyeijulisha dunia nzima ni Jaco Pastorius wa Florida, kwa sahani yake ya mwaka 1976. Yeye alikuwa na besi ya kawaida ya Fender iliyokwisha kung'olewa vyuma. Mashimo yalizibwa, na ubao ukapakwa ile gundi ngumu wanayopaka kwenye mashua, ili nyuzi zisiule.

Na hapa Afrika tuna Bakithi Kumalo, mtoto wa Soweto, pembeni ya Johannesburg, mji uliozaliwa na machimbo ya dhahabu mwaka 1886. Mwaka 1985, Mmarekani Paul Simon alipokwenda Johannesburg kurekodi, ni Kumalo aliyepiga besi bila vyuma. Sahani ile, Graceland, ilitoka mwaka 1986, na mpaka leo wapigaji wa besi wanaitafuta ili kumsikiliza yeye.

Nilimweleza kijana hayo yote. Akafurahi, akafikiri nimekubali. Nikamwambia: «Ngoja. Kumalo alikuwa amepiga besi tangu utoto kabla ya siku ile. Wewe umepiga miaka mitatu, na mwaka mmoja katika hiyo ulikuwa machimboni.»

SIKU NANE ZA MAJARIBIO

Mwenye besi alikubali ibaki kwetu siku nane. Tuliijaribu hivi, na kila kijana anaweza kufanya vilevile kabla ya kutoa hata franka moja.

Kwanza, sikio. Nilimwomba aimbe noti kwa mdomo kabla ya kuigusa. Asiyeweza kuiimba hataipata kwa kidole. Kijana alipata karibu zote za chini. Za juu alipata nusu.

Pili, simu. Alipiga wimbo mmoja pamoja na sinteza ya korali, simu ikarekodi, kisha akasikiliza peke yake kesho yake asubuhi. Sinteza haisogei, do yake ni do. Besi ikipotoka kidogo, zinagombana. Alirudi kwangu uso umeanguka: «Kumbe niko napotea vile?»

Tatu, shingo. Hapa Kisangani tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mvua haikosi hata mwezi mmoja, na mbao inakunywa unyevu. Shingo ikijipinda, hata yenye vyuma inasumbua; isiyo na vyuma inasumbua zaidi. Bonyeza uzi mwanzo na mwisho wa shingo, tazama katikati: nafasi iwe ndogo kama unene wa karatasi ngumu. Uliza pia kama ufunguo wa kunyoosha ule mti wa chuma ulio ndani ya shingo upo, na kama unazunguka. Tazama ubao kama nyuzi zimekwisha kuuchimba mifereji. Nyuzi zenye mikunjo zinakula ubao. Nyuzi laini haziuli, lakini bei yake ni kubwa na hapa kwetu kuzipata ni shida.

Nne, Misa. Siku ya Mungu alipiga. Wakati wa kutoa sadaka, wimbo wa polepole, alipiga vizuri mpaka mama mmoja wa sauti ya pili aliniuliza kwa sauti ya chini: «Leo besi inaimba, nani huyo?» Nasema kweli, moyo wangu ulichomwa kidogo. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikajiuliza kama sehemu ya kukataa kwangu haikuwa wivu.

Lakini wakati wa wimbo wa shukrani, ngoma tatu, watu wanacheza, ampli yetu ndogo haisikiki, kijana hakujisikia tena. Na asiyejisikia hawezi kujisahihisha. Waimbaji walianza kutazamana. Alimalizia kwa noti mbili tu za chini, akizirudia mpaka mwisho. Nilimsifu kwa hilo: alijua pa kujificha.

HESABU YA NYUMBANI

Usiku ule tulikaa sisi watatu: dada yangu, mwanawe na mimi. Dada hakusema neno juu ya muziki. Aliuliza tu:

— Hizi 150, zote ni zako?

Kijana alijua maana ya swali. Mdogo wake wa kike yuko mwaka wa sita wa sekondari, na pesa ya mtihani wa Serikali haijalipwa. Yeye mwenyewe alipokwenda machimboni alikuwa amemwahidi.

— Zile 80 mi nitatafuta, alisema. Nitarudia kule mwezi moja tu.

Hapo dada alilia. Katika msimu uliopita, ukuta wa shimo uliangukia kijana waliyelala naye hema moja. Walimtoa hai, lakini mguu haukupona. Kijana wetu alikuwa amenieleza mimi. Mama yake alikuwa hajui. Kumbe alikuwa anajua.

Wazazi, nataka niseme wazi: kijana hakuwa mpotevu. Hakunywa ile pesa, hakuifuatia wasichana. Alitaka chombo cha kumsifu Mungu na kujifunza kazi. Ni kitu kizuri. Lakini kitu kizuri kinachonunuliwa kwa almasi ambayo bado iko udongoni ni deni, na mlipaji wa deni hilo ni mwili wako. Shimo haliandiki mkataba. Unaweza kuchimba mwezi moja ukapata 80, au miezi sita usipate ya chumvi.

TULIFANYA NINI?

Besi ilirudi kwa mwenyewe. Kijana aliibeba yeye, kwa mguu, na hakutaka nimsindikize.

Siku tatu baadaye nilikumbuka kitu. Katika chumba cha nyuma cha korali kulikuwa na besi ya zamani, vyuma vyake vimelika mpaka kila noti inanguruma. Hakuna aliyeigusa tangu tulipopata nyingine. Nilipeleka neno kwenye komite ya korali: tumpe kijana ruhusa aing'oe vyuma? Wengine walicheka, mmoja alikataa kabisa, mwishoni wakakubali, kwa sharti kwamba itabaki mali ya parokia.

Tulifanya kazi hiyo na fundi wa mbao wa mtaa wetu. Kila chuma tulikipasha moto kwa kile chuma cha kulehemu redio, ili gundi ilegee, tukakivuta polepole kwa koleo. Mifereji tuliiziba kwa vipande vyembamba vya mbao nyeupe, na vipande hivyo vikabaki kama mistari ya kuonyesha njia. Tulipiga msasa, tukapaka gundi ngumu ya chupa mbili mara tatu, kila mara tukingoja ikauke. Kwa kuwa vyuma havipo tena, nyuzi zilikuwa juu mno, tukazishusha. Yote, pamoja na gundi na msasa, hayakufika dola 20. Ninawaonya lakini: kung'oa ni rahisi, kurudisha ni taabu. Usifanye hivyo kwa besi nzuri, wala kwa besi pekee uliyo nayo.

Ile besi haina sauti nzuri kama ya yule mwanamuziki. Kijana anajua, na mimi najua. Lakini mdogo wake aliandika mtihani, na yeye hakurudi Bafwasende msimu ule. Kila jioni, umeme uwepo usiwepo, anaimba noti kwanza kisha anaitafuta kwa kidole. Kule juu bado anapotoka. Siku ya Mungu anapiga wimbo wa sadaka tu, na kwa wimbo wa shukrani ananirudishia mimi kiti.

Kwa mazungumzo ya nyumbani:

1. Kitu ambacho mtoto wetu anatamani, tumewahi kukiangalia pamoja naye kabla ya kukataa?

2. Pesa inapotoka machimboni, nani anajua ahadi zilizotangulia?

3. Je, kuna chombo kimelala katika parokia yetu, na kijana amelala karibu nacho?